Aliyosema Msichana Mlangoni

Filamu yenyewe haina sauti hata kidogo. Ni ya zamani, ya wakati ambapo waigizaji walifungua vinywa na hakuna kilichosikika, kisha maandishi meupe yakatokea juu ya weusi kukuambia walichosema. Niliipata kwenye simu nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka chumbani kwetu Junda, Kisauni, joto la mchana limenibana, nikaitazama hadi mwisho bila hata kugeuka upande.

Kuna msichana anashona kofia dukani. Kijana wa nyumba ya kitajiri anaingia kumnunulia mamake kofia. Kesho yake anarudi kununua nyingine, na keshokutwa nyingine, na kila akija anakaa zaidi. Wanapendana. Mama mtu anapata habari, kijana anasafirishwa ng'ambo, msichana anabaki na mimba. Anafukuzwa kazi, anafua nguo za watu, mtoto anazaliwa, theluji inaanguka muda wote huo kama vile nchi ile haina msimu mwingine. Miaka inapita. Mwishoni kijana, ambaye sasa ana masharubu, anabisha mlango. Msichana anafungua. Mtoto wao wa kike amejificha nyuma ya sketi yake.

Hapo ndipo msichana anaanza kusema. Anasema kwa muda mrefu, mkono mmoja kwenye mlango, uso mkavu. Unangoja maandishi yaje, hayaji. Mwanamume anainamisha kichwa, anavua kofia, anapiga magoti kwenye theluji mbele ya mtoto. Mtoto anasema neno moja. Mwanamume naye anasema neno moja. Msichana anasogea kando, mwanamume anaingia, na filamu imekwisha.

Nilirudisha nyuma nikatazama tena. Nilifikiri labda maandishi yalinipita. Hayakunipita, hayakuwapo. Mtu aliyetengeneza filamu ile alieleza kila kitu, hata bei ya kofia, halafu akanyamaza pale ambapo mimi nilitaka kujua.

Nieleze kwa nini jambo hilo lilininyima raha. Mimi nilitaka kuwa DJ wa muvi. Kwa asiyewahi kuingia kibanda cha video: kwetu muvi ya Kichina au ya Kihindi haitazamwi hivihivi. DJ huweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akawasemea wote kwa Kiswahili, jambazi na polisi na mama wa jambazi, akatia vichekesho vya mtaani na kumwonya shujaa asiingie chumba kile. Watu wengine huenda kumsikiliza DJ kuliko kutazama muvi. Karibu wote ni wanaume.

Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nikijifundisha mwenyewe. Nilijifunika leso kichwani ili mwangwi wa chumba upungue, nikashika simu karibu na mdomo, nikarekodi. Nikasikiliza. Nikafuta. Naomba niseme hapa jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: sikuwa nimemaliza hata muvi moja. Kila mara kulikuwa na neno nililolimeza, au pumzi iliyosikika, au jogoo wa jirani. Watu wakiniuliza nilisema bado kidogo. Usiku nililala nikisahihisha sentensi ambazo nilikuwa nimeshazifuta.

Mwenye kibanda cha video cha karibu na kwetu ni mtu wa bara. Ameishi Kisauni miaka mingi lakini Kiswahili chake bado kinapanda milima. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi kwamba wanawake wangekuja kwake kama angewawekea kitu cha kwao. Siku moja akaniita.

"Sikiza. Jumapili mchana hapa ni kama kaburini. Mpira ni jioni. Kuna kinyozi anataka hii nafasi yote, na mimi nimechoka kuota nikiwa macho."

"Nipe mwezi mmoja, mzee."

"Mwezi? Wewe umekuwa ukisema 'bado kidogo' mpaka nikafikiria ni jina lako. Nakupa Jumapili hii ijayo. Leta wamama. Wakikaa mpaka mwisho, Jumapili mchana ni yako. Wakitoka katikati, kinyozi anaingia."

Nilimwambia nina muvi. Sikumwambia haina sauti.

Nyumbani mamangu alikuwa na mpango wake. Yeye hupiga nguo pasi kwenye dobi ya hoteli kule Bamburi, na alikuwa ameniombea nafasi niende nikakunje mashuka. Nilipomweleza habari ya kibanda aliendelea kuchambua mchicha.

"Kazi ya kupiga kelele gizani ni kazi gani?"

"Si kelele, mama. Ni kueleza."

"Kwani wao hawana macho?"

Nilimwomba aje Jumapili. Akasema ataona.

Wiki ile sikulala vizuri. Niliandika maneno ya filamu nzima, mwanzo hadi mwisho, na nikayapima na picha ili kila sentensi iishe mdomo unapofungwa. Sehemu zote zilikaa isipokuwa ile ya mlangoni. Niliandika msichana akiwa na hasira: "Nenda ukalale kwa huyo mamako mwenye kofia." Nikafuta. Niliandika akiwa analia: "Nilikungoja mpaka macho yakaniuma." Nikafuta, kwa sababu halii, ukitazama unaona halii. Niliandika kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: "Ewe uliyenivunja moyo, leo waja na nini mbele yangu?" Hili nililisoma kwa sauti, likanipendeza kwa muda, likaanza kunikera, nikaliacha kwa kukosa jingine. Neno moja la mtoto nililijua bila kufikiri. Angesema "Baba." Na mwanamume angesema "Mwanangu." Watoto wa kwenye filamu si husema hivyo?

Nina sababu yangu ya kuganda mlangoni pale, nayo nitaisema. Babangu alikuja kwetu mara moja nilipokuwa mdogo. Ninachokumbuka ni viatu vyake kizingitini, vyeusi, vina vumbi la njia, na mgongo wa mamangu uliojaza mlango. Mamangu alisema kitu. Babangu alisema kitu. Mlango ukafungwa. Sikuwahi kuuliza walisema nini, na mamangu si mtu wa kueleza asichoulizwa. Kilichobaki ni jina langu. Sisi ni Wagiriama, na kwetu mtoto huitwa na upande wa baba: msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Mimi nimeitwa jina la nyanya mzaa mama. Tukienda matanga kijijini, wanawake wazee huniuliza jina langu, nikilitaja wananitazama, kisha wanauliza tena kana kwamba nimekosea. Wengine huuliza ng'ombe wa mahari wameendaje. Mimi hucheka tu, maana sijui ng'ombe gani.

Jumapili ilifika. Nilikuwa kibandani mapema. Mwenye kibanda alikuwa amefagia na kuongeza mabenchi mawili ya kuazima. Nilisimama kando ya pazia jeupe la picha, maiki mkononi, maneno yangu yote kwenye simu. Alikuja muuza mahamri wa kona yetu na binti zake. Walikuja wanawake watatu wanaosuka nywele barazani. Akaja bibi mmoja wa Kimvita, mpangaji mwenzetu, aliyevaa buibui na kubeba mto wa kukalia, kwa sababu alisema mabenchi ya sinema anayajua tangu zamani. Kisha nikaona mlango umejaa leso za aina moja. Mamangu alikuwa ameingia na wanawake wa kwaya, wametoka kanisani moja kwa moja. Hakunitazama. Aliketi benchi la tatu, akaweka kipochi mapajani.

Picha ikaanza. Msichana akaonekana anashona kofia, akafungua mdomo, na mimi kabla sijapata pumzi ya kusema, benchi la nyuma likaanza.

"Sauti!"

"Bwana, spika yako imekufa."

"Rudisha kiingilio."

Mwenye kibanda alikimbilia nyaya zake, akazichomoa na kuzichomeka. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa saa isiyo na mishale. Ikabidi nishike maiki niseme, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza mbele ya watu, wala hayakuwa kwenye simu:

"Haijaharibika. Hawa watu wenyewe hawana sauti. Sauti yao ni mimi."

"Alaa," akasema bibi wa Kimvita. "Basi haya, watuhadithia?"

"Abee, nawahadithia," nikajibu, sijui kwa nini, na watu wakacheka, na nikaanza kusoma.

Nilisoma vibaya. Yaani nilisoma bila kosa hata moja, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kila sentensi iliisha mdomo ulipofungwa. "Ee kijana mwungwana, karibu katika duka letu dogo." "Ahsante, ewe binti mwenye haya." Niliwaona wasusi wakitazamana.

"Mwanangu," muuza mahamri akasema kwa upole, "huyu ananunua kofia ama yuko kortini?"

"Anasoma taarifa ya habari," msusi mmoja akasema.

Nilitamani pazia liniangukie. Kwenye pazia kijana alikuwa amerudi dukani kununua kofia ya tatu, na mimi nilikuwa nimepoteza mstari kwenye simu, kidole kinateleza kwa jasho. Katika ule ukimya mtu akauliza, "Kwani mamake ana vichwa vingapi?" Kicheko kikapiga mabati. Nami nikadandia hapohapo, nikamfanya msichana wa duka aulize hilohilo, kwa sauti ya muuza mahamri: "Kaka, mamako ana vichwa vingapi?" Nikamfanya kijana ajibu: "Ana kimoja, dada, lakini kikubwa." Ikawa picha imetulia kwenye maneno hayo kama mguu kwenye ndara yake. Nilizima simu, nikaiweka mfukoni. Nilihisi kama mtoto anayejifunza kutembea, aliyeachia ukuta.

Baada ya hapo tulikwenda pamoja. Mama mwenye kofia alipotokea, nilimpa sauti ya mwenye nyumba wetu anapodai kodi, na wote walimjua. Msichana alipofukuzwa kazini walimsonya tajiri wake. Alipokuwa akifua nguo kwenye baridi, benchi la kwaya lilinyamaza kabisa, na mimi nikajifunza kunyamaza pamoja nalo. Nilimsikia mmoja akinong'ona, "Maji hayo yamemkata vidole." Hakuna aliyetoka. Mwenye kibanda alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, amesahau kuuza soda.

Kisha mlango ukabishwa.

Msichana akafungua. Yule mwenye masharubu amesimama kwenye theluji. Mtoto nyuma ya sketi. Midomo ya msichana ikaanza kucheza, na mimi nikafungua wangu kusema "Ewe uliyenivunja moyo", na haikutoka. Si kwamba niliisahau. Niliwaona wanawake wale wote wameinamia mbele, na nikajua kuwa maneno yale ni ya karatasi. Nilishika maiki tu. Pumzi yangu ilisikika kwenye spika, ileile pumzi niliyokuwa nikiifuta nyumbani.

Mwenye kibanda akadhani nimekwama, akaisimamisha picha. Msichana akabaki na mdomo wazi, mkono mlangoni.

"Sasa, anasemaje?" mtu akauliza.

"Sijui," nikasema ndani ya maiki.

Ulikuwa ukweli, na nilidhani kazi yangu imekwisha pale. Nilimwona kinyozi kwa macho ya akili akipima mahali pa kioo.

"Hujui vipi? Mtukane," msusi akasema.

"Amtukane mbele ya mtoto? Mwambie aende kwa mamake mwenye kichwa kikubwa."

"Wallahi mimi ningemfungia mlango, masharubu yakabanwa," akasema bibi wa Kimvita, na mto wake ukaanguka kwa kicheko.

"Amwulize wazee wake wako wapi," mwanakwaya mmoja akasema. "Mwanamume haji peke yake mlangoni hivyo, kama muuza sabuni."

Walibishana, kila mmoja akimpa msichana yule maneno yake, na msichana akingoja. Ndipo mamangu akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa akitazama pazia, si mimi.

"Mwulize mtoto anaitwa nani."

Wasusi hawakuelewa mara moja, lakini benchi la kwaya lilielewa. Kelele zilikufa kuanzia kwao kwenda nyuma. Muuza mahamri alisema "Haa" taratibu, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni.

Nilimwambia mwenye kibanda aiendeshe. Midomo ikacheza tena, na mimi nikasema polepole, kwa sauti yangu mwenyewe ambayo sikuipamba: "Ulipoondoka hakuwapo. Sasa yupo, anatembea, ameota meno. Kabla hujaniambia ulikuwa wapi, niambie huyu anaitwa nani."

Nikaacha hapo. Msichana aliendelea kusema bila mimi.

Na yule mwanamume akainamisha kichwa. Nilikuwa nimeitazama picha ile mpaka nimeikariri, na sikuwahi kuona kwamba uso ule ni wa mtu aliyeulizwa swali ambalo hana jibu lake. Akavua kofia. Akapiga magoti kwenye theluji, akamtazama mtoto usoni, akangoja. Mtoto akafungua mdomo kusema neno lake moja, na mimi sikusema "Baba". Nilisema jina langu.

Mwanamume naye akasema neno lake moja. Nikalirudia jina lilelile, taratibu, kwa sauti nzito ya mtu anayejifunza. Midomo yake ilikaa kwenye jina hilo kana kwamba ndilo alilosema tangu hapo. Msichana akasogea kando. Mlango ukafungwa. Kwenye benchi la kwaya kuna aliyepenga kamasi, na bibi wa Kimvita akasema, "Haya, huyo angalau ana masikio."

Walipotoka mwenye kibanda alikuwa akikunja waya.

"Wakati walisema spika imekufa, karibu nikufukuze."

"Samahani, mzee. Niliogopa kukuambia."

"Kinyozi nitamwambia atafute mahali kwingine. Lakini lete zingine za hivi, zenye wamama wanaweza kuongea. Na usisome kwa simu."

Nilitaka kumweleza makosa yote niliyofanya, kwa mpangilio, kuanzia dakika ya kwanza. Nilimeza. Nikasema ahsante.

Mamangu alikuwa akiningoja nje, ameketi kwenye kreti ya soda. Tulishika njia ya nyumbani, jua linaelekea kuzama na watu wanachota maji kwenye mfereji. Tulipita kwa muuza mahamri, tukapita msikiti. Nikajipa moyo.

"Mama, lile swali."

"Hm."

"Ulimwuliza babangu?"

Alihamisha kipochi kutoka bega moja kwenda jingine. "Nilimwuliza."

"Akasemaje?"

"Akataja jina la mamake." Akatembea kidogo. "Hakusitasita. Msichana wa kwanza huitwa hivyo, basi akadhani nawe umeitwa hivyo. Hakuwahi kumleta mzee hata mmoja kwetu, hakuleta hata kuku, lakini jina alikuwa ameshalichukua."

"Ukafunga mlango."

"Nilikuwa na sima jikoni, ilikuwa inaungua."

Tulicheka kidogo, wote wawili. Sikuwa nimewahi kucheka naye kuhusu jambo hilo, wala kulia. Tulikuwa tumefika kwenye kichochoro chetu, ambako lazima mmoja atangulie, na yeye alitangulia kama kawaida, kwa hiyo niliuliza nikiutazama mgongo wake uleule.

"Na kama angesema hajui?"

Alisimama. Nilidhani amekwaruzwa na mabati.

"Angesema hajui, ningemwambia."

Akaendelea kutembea. Mlangoni alitafuta ufunguo ndani ya kipochi, akanigeukia.

"Dobi ni Jumatatu hadi Jumamosi. Nimeuliza. Jumapili hawakuhitaji."

Sikujua aliuliza lini. Lazima iwe ni kabla ya siku ile, kabla hajaona chochote, kwa sababu alikuwa nami tangu tutoke. Nilitaka kumshukuru kwa maneno mazuri, nikaanza kuyatafuta, na yeye akawa ameshafungua mlango.

"Halafu yule mwenye masharubu," akasema akivua viatu. "Alikaa?"

"Sijui, mama. Filamu inaishia pale."

"Si wewe ndiye sauti yao? Ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

"Basi sema alikaa. Mpe chakula kwanza, ametoka kwenye baridi."

Nikamwambia alikaa. Nikamwambia amepewa chakula. Mamangu akaitika kwa kichwa, akaingia jikoni kuwasha jiko.